Barua Pepe Irudi Masjala

KWA: Makatibu Wakuu, Makatibu Tawala wa Mikoa, Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri na Wakuu wa Taasisi za Umma

YAH: KUMBUSHO KUHUSU BARUA PEPE TULIZOWATUMIA, TUKAWATUMIA TENA





Raia anapoiandikia ofisi ya umma barua pepe na asijibiwe, hana njia ya kujua lipi limetokea. Huenda imefika na inashughulikiwa. Huenda imefika na hakuna aliyeifungua. Huenda imeangukia kwenye barua taka, au anwani iliyoandikwa kwenye tovuti yenu ilikufa pamoja na mfumo wa zamani. Basi anasubiri. Kisha anatuma tena, na safari hii anasubiri kwa aibu kidogo, maana hataki kuonekana msumbufu. Kisha anapanda basi. Nawaandikia kuhusu hilo basi.

Wako watu wanaotoka Namtumbo, Kibondo au Ukerewe kwenda Dodoma kuuliza swali moja tu dirishani: barua pepe yangu mliiona? Na mara nyingi wanajibiwa kwa maneno mawili: "Tuma tena." Mtu amekatiza nusu ya nchi, amelipa nauli na gesti, ili aelekezwe kufanya jambo ambalo angelifanya akiwa amekaa barazani kwake. Tuliambiwa barua pepe itatuondolea nenda rudi. Kwa wengi imekuwa ndiyo sababu ya safari.

Wala si kwamba kazi hii hatuijui. Tuliijua vizuri sana, na penye karatasi bado tunaijua. Unaipeleka barua yako masjala ukiwa na nakala mbili. Karani anagonga mhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe kwenye zote mbili, moja anabaki nayo, nyingine anakurudishia. Tangu hapo una ushahidi mkononi. Ile iliyobaki inaandikwa kwenye rejista ya barua zinazoingia, inatafutiwa jalada lake, inapewa namba ya folio, na jalada linapelekwa kwa ofisa anayehusika ili aandike dokezo: nani afanye nini. Jalada likitoka chumba kimoja kwenda kingine, imeandikwa limeenda kwa nani. Ofisa akihamishiwa Sumbawanga, jalada halihami naye. Akienda likizo, anayekaimu analikuta kabatini. Hata ukirudi baada ya miezi mingi na ile nakala yako yenye mhuri, karani mzuri wa masjala hana haja ya kujua wewe ni mtoto wa nani. Anakuuliza namba, anafungua rejista, anakuambia jalada liko meza gani.

Karani mzuri, nimesema. Walikuwapo pia, na wapo, wanaolikalia jalada mpaka wapewe ya soda, na sitaki kuisifia masjala kupita kiasi. Lakini hata jalada lililofichwa lilikuwa na rejista iliyosema liliingia lini na mara ya mwisho lilionekana kwa nani. Mkubwa akitaka kulipata, alilipata.

Ndani ya utaratibu huo, kumbusho lilikuwa na heshima yake. "Rejea barua yangu ya tarehe fulani, yenye kumbukumbu namba fulani." Sentensi moja, na karani alijua aende kabati lipi. Kumbusho liliwekwa kwenye jalada lilelile, folio inayofuata. Ofisa akilifungua anajionea mwenyewe: folio ya 14 mtu aliuliza, folio ya 15 ameuliza tena, na katikati hakuna jibu. Hakuhitaji kugombezwa na mtu. Wala hakuna aliyemwona mwandishi wa kumbusho kuwa mkorofi, kwa sababu wizara zenyewe ziliandikiana hivyo, na hadi leo zinaandikiana hivyo.

Ilipokuja barua pepe, likafanyika kosa la mpangilio ambalo, kwa ninavyoona, ndilo chanzo cha yote haya. Barua pepe ilikuja na kompyuta. Kompyuta ziko chini ya kitengo cha TEHAMA. Basi na barua pepe ikahesabiwa kuwa kitu cha TEHAMA. Katika ofisi nyingi ninazozifahamu, nywila ya ile anwani inayoanza na "info" ikakaa kwa kijana ambaye kazi yake ni kuhakikisha mtandao haukatiki na printa inatoa karatasi. Kijana huyo hakuajiriwa kusoma barua za watu. Hajui jalada la madai ya walimu ni namba ngapi, wala hana mamlaka ya kuliita. Akiwa mwema, anaisambaza barua kwa ofisa anayedhani inamhusu. Ofisa anaisoma kwenye simu akiwa kikaoni na kujiambia ataijibu akirudi mezani. Akirudi mezani anakuta mambo mengine. Barua hiyo haimo kwenye rejista, haina folio, haina dokezo. Ofisa huyo akihamishwa, inahama naye ndani ya simu yake. Kwa kumbukumbu za ofisi, haijawahi kuandikwa.

Ndiyo maana siwaombi semina wala mfumo mpya. Nawaomba mkubali kwamba barua pepe ni barua, na mahali pa barua ni masjala.

Msidhani pia kwamba naomba hisani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeshasema kuwa ujumbe hauwezi kunyimwa nguvu ya kisheria kwa sababu tu uko katika umbo la kielektroniki. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inayoipa ofisi siku zisizozidi 30 kumjibu raia aliyeomba taarifa. Siku 30 kuanzia lini? Kuanzia ombi lilipopokelewa. Sasa kama hakuna aliyeandika tarehe ya kupokea, siku ya kwanza haipo, na siku ya kwanza isipokuwapo, ya thelathini haitafika hata tukisubiri miaka. Ofisi haina haja ya kuvunja sheria waziwazi. Inatosha isigonge mhuri.

Majirani zetu wa Kenya waliliona shimo hili. Sheria yao ya haki ya kupata habari, nayo ya 2016, inatoa siku 21, na saa 48 pale habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Na muda ukipita bila jibu, sheria inahesabu kuwa ombi limekataliwa, hivyo mwombaji ana njia ya kulipeleka kwa Ombudsman wao. Sisemi kwamba Nairobi kila barua inajibiwa. Wakenya wenyewe wana ya kusema. Lakini kule kukaa kimya ni uamuzi ambao mtu anaweza kuukatia rufaa. Kwetu kukaa kimya si kitu chochote, na huwezi kukata rufaa dhidi ya kitu ambacho hakipo.

Linaudhi zaidi kwa kuwa sisi ndio tuliotangulia kuwa na chombo kama hicho cha Ombudsman. Tume yetu ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966, ilikuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika, na makamishna wake walizunguka mikoani kusikiliza malalamiko ya raia dhidi ya watendaji wa Serikali. Wakati huo barabara nyingi zilikuwa za vumbi na simu zilikuwa za kuhesabu. Ofisi ilimfuata mtu aliko ikaandika anachosema. Leo mtu anaileta barua yake mwenyewe hadi ndani ya kompyuta ya ofisi, kwa sekunde chache, na hakuna anayeiandika.

Najua baadhi yenu mtasema tatizo ni sisi tunaotuma kitu kilekile mara nne, mara tano, tukijaza vikasha. Naomba niwaeleze jinsi mashine zinavyofanya, maana zinaweza kutufundisha adabu sote.

Kanuni ambazo barua pepe husafiri kwazo ziliandikwa na Jonathan Postel, mtaalamu wa Marekani, mwaka 1982, zikarekebishwa mara kadhaa, likiwamo toleo kubwa la mwaka 2008. Kwa mujibu wa kanuni hizo, seva inayotuma ikikuta ya upande wa pili imezima au imelemewa, haitakiwi kukata tamaa. Inaiweka barua kwenye foleni, inasubiri nusu saa au zaidi, inajaribu tena. Inashauriwa iendelee hivyo kwa siku nne au tano kabla ya kumrudishia mwandishi barua yake pamoja na maelezo ya kwa nini imeshindikana. Kutuma tena ni jambo lililojengwa ndani ya barua pepe tangu mwanzo. Raia anayetuma mara ya pili anaendeleza tu kazi ambayo seva yake imekuwa ikiifanya bila yeye kujua.

Na upande unaopokea una wajibu wake. Seva ikishajibu kwa namba 250, maana yake barua nimeipokea na nimebeba dhamana yake. Kanuni zinasema wazi kuwa dhamana hiyo ni jambo zito, na zinakataza barua iliyokwisha kupokewa kupotezwa kwa sababu za kipuuzi. Seva za ofisi zenu hutoa jibu hilo la 250 kila siku, kwa kila barua inayofika salama. Mashine inamjibu mashine mwenzake. Mtu hamjibu mtu.

Kuna na hili, ambalo hunichekesha. Tangu mwaka 2003 zipo seva zinazotumia mbinu ya kuikataa kwa muda barua yoyote inayotoka kwa mtumaji zisiyemfahamu. Zinamwambia: kwa sasa siwezi, jaribu baadaye. Ni mtihani. Programu nyingi zinazorusha barua taka kwa mamilioni hazina muda wa kurudi mlango uleule; seva halali inarudi, na ikirudi inafunguliwa. Yaani waliobuni mbinu hiyo waliona kuwa anayebisha hodi mara ya pili ndiye mwenye shida ya kweli. Kwenye madirisha yenu anayebisha mara ya pili ndiye anayekunjiwa uso.

Sasa niwape mfano kutoka mtaani kwangu. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu. Ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa zinazofanana nayo ni nyingi, ilimtaka atume vielelezo vya utumishi wake: barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja, hati ya mwisho ya mshahara. Mwalimu akaenda steshenari, akalipia kuskani ukurasa kwa ukurasa, akatuma. Kimya. Akatuma tena, safari hii kwa anwani ya mwanawe kwa sababu yake ilikuwa imejaa. Kimya. Akabahatika kumpata mtu kwa simu, akaambiwa atume tena. Akatuma, ila kichwa cha habari kikawa kingine, kwa vile binti wa steshenari aliandika kwa namna aliyoona inafaa. Alipokwenda mwenyewe, ofisa alifungua kompyuta mbele yake, na zote zilikuwamo. Anwani mbili, vichwa vya habari tofauti, moja imo kwenye barua taka. Ofisa hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alimtazama mzee akamuuliza, "Mwalimu, sasa hapa nishike ipi?"

Lilikuwa swali la haki. Ofisa huyo hakuwa na njia ya kujua kama barua hizo ni jambo moja au matatu, kama viambatisho ni vilevile au vimeongezwa, kama kuna mwenzake aliyekwisha kushughulikia mojawapo. Barua ya kwanza ingepewa namba siku ileile, zile nyingine zingekuja zimebeba namba hiyo, na kazi ya ofisa ingekuwa kuangalia folio ya mwisho. Badala yake mzee alirudi steshenari. Msisahau hilo la steshenari mnaposema "tuma tena." Kila kutuma tena kuna mtu amelipia bando, amelipia kuskani, na kama ni mzee, amemsumbua mjukuu.

Kuna jambo baya zaidi kuliko usumbufu. Ukimya wa kikasha umezaa foleni ya pili. Mwenye namba ya simu ya mtu wa ndani anaandika kwenye WhatsApp: "Kaka, nimetuma imeili kule kwenu, hebu niangalizie." Baada ya saa moja amejibiwa, na mara nyingi amejibiwa na ofisa mwema kabisa ambaye haoni kwamba amefanya kosa, kwani amesaidia mtu. Lakini ile barua imeruka zilizofika kabla yake. Asiye na kaka ndani ya jengo anabaki kwenye foleni ambayo haisogei. Hivi ndivyo upendeleo unavyoingia ofisini bila hongo wala nia mbaya, kwa sababu tu utaratibu wa wazi umekufa na watu wamebaki na kujuana. Na wapo wasio hata na uwezo wa kupanda basi. Mtanzania aliyeko Muscat au London, anayetaka cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe kabla kibali chake hakijaisha, hana dirisha la kusimama. Kikasha chenu ndilo dirisha lake la pekee.

Vyombo vya kufanyia kazi mnavyo. Serikali ina mfumo wake wa barua pepe unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Ina e-Office inayobeba majalada ndani ya kompyuta, na ina e-Mrejesho kwa ajili ya malalamiko na maoni ya wananchi. Lakini hakuna mfumo unaoweza kulifuatilia jambo ambalo hakuna aliyeliingiza. Barua iliyobaki kwenye kikasha cha "info" iko nje ya e-Office kama ambavyo ile iliyoachwa getini kwa mlinzi iko nje ya masjala.

Kwa hiyo mpeni mkuu wa masjala ufunguo wa kikasha hicho, awe na wasaidizi wawili wanaojua nywila, ili mmoja akiugua kazi isisimame. Wakifungue asubuhi na mchana, pamoja na folda ya barua taka, maana huko ndiko zinakozikwa barua nyingi za watu wenye anwani za kawaida. Kila inayohusu kazi za ofisi iingizwe kwenye rejista na kupewa kumbukumbu namba kama zinavyopewa za karatasi. Kisha mwandishi ajibiwe kwa mistari michache: barua yako imepokelewa tarehe hii, kumbukumbu namba yake ni hii, imepelekwa kitengo hiki, usipopata majibu hadi tarehe hii, jibu ujumbe huu huu.

Hicho kipande cha mwisho msikidharau. Ofisi inayomwambia mtu siku ya kuikumbusha haitasumbuliwa kabla ya siku hiyo. Mtu anaandika kwenye kalenda, anaenda zake shambani. Anayetuma kila Jumatatu ni yule asiyejua asubiri hadi lini.

Naomba pia tusidanganyane na ule ujumbe unaojituma wenyewe: "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi karibuni." Hauna namba, hauna kitengo, na hiyo karibuni haina tarehe. Unathibitisha kwamba umeme upo. Kama ni lazima uwepo, utoe namba. Hali kadhalika ule mtindo wa karatasi zenye nembo ya Taifa kuwa na anwani ya Yahoo au Gmail iliyofunguliwa na ofisa aliyekwisha kustaafu. Anwani iwe ya cheo au ya kitengo, na anayeondoka aikabidhi pamoja na funguo za kabati na mhuri, kwa maandishi, kama sehemu ya makabidhiano.

Viambatisho navyo vina hadithi yake. Faili likisafiri kwa barua pepe huongezeka ukubwa kwa kama theluthi moja, kwa sababu hubadilishwa kuwa herufi njiani. Faili la MB 20 hufika likiwa karibu MB 27. Seva nyingi zina ukomo wa ukubwa, kwa hiyo mtu aliyeskani vyeti vyake kwa picha nzito za rangi haelewi kwa nini vinagoma. Andikeni kwenye tovuti na kwenye ubao wa mapokezi ukubwa mnaoupokea, na mseme rangi haihitajiki pale isipohitajika. Na mtu akishatuma vielelezo mara moja vikapokelewa, asiombwe tena vilevile. Anayevihitaji avifuate kwenye jalada.

Sisi tunaoandika tuna la kwetu, na ninyi mna nafasi nzuri ya kutufundisha. Kila barua pepe hubeba namba yake ya utambulisho ambayo macho hayaioni, na ukibonyeza "Jibu" juu ya barua uliyokwisha kuituma, mpya hubeba ndani yake namba ya ile ya kwanza. Ndiyo maana programu nyingi huzipanga pamoja, kumbusho na barua yenyewe. Ukianza upya kwa kichwa kingine cha habari umeukata uzi, na ofisa anaona jambo jipya. Kwa hiyo anayekumbusha afungue barua zake zilizotumwa, ajibu ileile, aandike juu tarehe aliyoituma na jambo analolingojea, basi. Asirudie historia nzima. Asiandike kwa herufi kubwa tupu. Na ile tabia ya kuweka nakala kwa Waziri, Mkuu wa Mkoa na waandishi wa habari kwenye kumbusho la kwanza tuiache. Nakala za namna hiyo ni za hatua ya mwisho, na mtu akizitumia mapema hana tena pa kwenda. Maelezo haya yanatosha ukurasa mmoja. Yabandikeni pale mapokezi, pembeni ya Mkataba wa Huduma kwa Mteja.

Na mkataba huo wenyewe utazamwe. Ofisi nyingi zimeutundika ukutani kwa fremu nzuri, wenye ahadi ya kujibu barua ndani ya siku kadhaa. Ongezeni pale maneno yanayosema kwamba ahadi hiyo inahusu na barua pepe. Asiwepo wa kusema kuwa iliyokusudiwa ni karatasi.

Mtaniambia watumishi ni wachache. Ni kweli, na wengi wao wanafanya kazi za watu wawili. Lakini pigeni hesabu ya upande wa pili. Barua moja isiyopewa namba inarudi mara tatu kwa kompyuta, mara mbili kwa simu na mara moja kwa miguu, na kila inaporudi kuna mtumishi anayeacha kazi nyingine aanze kuitafuta upya. Karani anayetumia dakika tatu kuiandikisha asubuhi amewaokolea wenzake saa nzima ya baadaye. Hili halitaki bajeti ya mwaka ujao.

Agizo la ukurasa mmoja kutoka kwenu linatosha: nani anashika kikasha, kinafunguliwa saa ngapi, namba inatolewa ndani ya muda gani, na nani anaulizwa rejista ikiwa tupu. Agizo hilo liwafikie na wakuu wa vitengo vya TEHAMA, ambao nadhani watafurahi kuliko wote kuutua mzigo usio wao. Na wakati agizo linaandaliwa, mtumeni mtu leo afungue vikasha hivyo pamoja na folda za barua taka, azipange kwa tarehe, aanze na zilizokaa muda mrefu zaidi. Wajibuni hao kwanza, hata kama jibu ni hapana.

Naomba kuwasilisha.